Kweleakwelea Hajui Yuko Wizara Gani

Mtama ukianza kukomaa Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, kazi ya kijiji huhamia shambani. Watoto na akina mama wanapanda vichanja kabla jua halijachomoza, wanagonga makopo, wanarusha mabonge ya udongo kwa kombeo, wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Anayefukuzwa ni kweleakwelea, ndege mdogo wa kuenea kiganjani, mwenye mdomo mwekundu, ambaye akija peke yake hana madhara yoyote, tatizo ni kwamba haji peke yake. Makopo yakishindwa, taarifa inapanda: mtendaji wa kijiji, wilaya, mkoa, hadi inaombwa ndege ya kunyunyizia sumu kwenye mazalia yao.

Ifuate hiyo taarifa uone inaishia wapi. Kweleakwelea ni ndege wa porini, hakufugwa na mtu, lakini faili lake haliendi kwa watu wa wanyamapori. Linakwenda kilimo, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kuwa kiserikali yeye ni kisumbufu cha mazao, amewekwa fungu moja na panya na nzige. Nyuki, ambaye ni mdudu kama nzige, yuko Maliasili na Utalii chini ya watu wa misitu. Kambale wa Bwawa la Mtera yuko Mifugo na Uvuvi, jirani na ng'ombe. Mbu yuko Afya. Ukichora himaya ya wanyama kwa kufuata milango ya ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba, utapata mchoro ambao hakuna mtaalamu wa zoolojia atakayeutambua.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Mpangilio wa wizara una mantiki yake, kwa kuwa unajibu swali la nani anawajibika na nani atoe fedha. Meza ya samaki sokoni nayo ina mpangilio wake. Pale soko la Majengo, Dodoma mjini, kambale mkavu na perege wanakaa karibu karibu, na Msabato anayejua imani yake atachukua perege amwache kambale, maana Mambo ya Walawi sura ya 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba, na kambale magamba hana. Sura hiyo hiyo inamtaja popo katika orodha ya ndege. Haikuwa inauliza nani kazaliwa na nani. Iliuliza kipi kiingie kinywani na kipi kisiingie, na kwa swali hilo ilijitosheleza.

Kila mpangilio wa wanyama, basi, una swali lililouzaa. Shida ninayoiona ni kwamba shule zetu zimechukua mpangilio wa kisayansi, ule unaouliza undugu, zikaukata swali lake na kubaki na majina. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anakariri himaya tano, kisha ngazi zake: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Anazitema siku ya mtihani na kuzisahau kabla ya likizo kwisha. Hakuambiwa kwamba ngazi hizo zimegombaniwa kwa miaka zaidi ya 250 na bado zinagombaniwa, wala kwamba kwenye shamba la baba yake na juu ya chandarua chake kuna maamuzi yanayotegemea mtu aliyezielewa.

Historia yenyewe si ndefu. Carl Linnaeus, Msweden, alitoa toleo la kumi la orodha yake kubwa mwaka 1758, na hadi leo wataalamu wamekubaliana kwamba majina rasmi ya wanyama yanaanza kuhesabiwa hapo. Orodha ilikuwa na spishi za wanyama zaidi ya 4,000. Kweleakwelea wetu yumo. Linnaeus alipanga kwa maumbile yanayoonekana: meno, kwato, mabawa, chuchu. Karne moja baadaye, mwaka 1859, Charles Darwin akaleta hoja kwamba mfanano huo una sababu, kwamba makundi ni koo zilizotoka kwa wazazi wa pamoja. Wengi waliikubali hoja lakini wakaendelea kupanga kwa macho kama zamani. Ilibidi ifike 1950 ndipo Mjerumani Willi Hennig, aliyekuwa akichunguza nzi, alipoweka kanuni kali: kundi halali ni lile lenye mzazi mmoja na wazao wake wote, bila kumwacha hata mmoja nje.

Kanuni hiyo inaonekana ya kawaida mpaka ujaribu kuitumia. Mamba ana undugu wa karibu zaidi na kuku kuliko alio nao na mjusi wa ukutani. Ukitaka reptilia wawe kundi halali, huna budi kuwaingiza ndege wote humo, kweleakwelea akiwamo. Kwa samaki hali ni mbaya zaidi. Kamongo, yule wa matopeni mwenye mapafu, yuko karibu zaidi na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na perege. Ukishikilia kanuni ya Hennig, ama hakuna kundi la samaki, ama sisi sote ni samaki. Kule sokoni jina litaendelea kufanya kazi vizuri tu. Katika daftari la undugu halina nyumba.

Dodoma ina bahati ya kuwa na somo zuri kuliko yote juu ya mawe yake. Panda jabali lolote kando ya mji saa moja asubuhi, utawakuta pimbi wamejipanga wanaota jua. Mtu wa kawaida atakwambia ni panya mkubwa asiye na mkia, na kosa hilo si la mshamba. Peter Simon Pallas, mwanazuoni mkubwa wa wakati wake, alipompa pimbi jina la kisayansi mwaka 1766 alimweka jenasi moja na simbilisi. Sasa msogelee, au mtazame aliyekwisha kunaswa na watoto. Vidole vyake vina kucha bapa mfano wa vikwato vidogo. Meno mawili ya juu mbele yanaendelea kukua maisha yote, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele ya juu yasiyoacha kukua. Dume korodani zake zimebaki ndani ya tumbo, kama za tembo. Jike, mnyama wa kilo tatu au nne, anabeba mimba miezi saba hivi, wakati sungura wa ukubwa unaokaribiana naye anazaa baada ya mwezi mmoja.

Kumbe ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mfaransa Georges Cuvier, mtaalamu wa maumbile ya wanyama, alikuwa ameshaanza kumwondoa kwenye panya tangu zamani kwa kuangalia mifupa, lakini ushahidi wa vinasaba uliotoka miaka ya 1990 ndio uliofunga mjadala, na mwaka 1998 kundi zima likapewa jina Afrotheria. Humo wamo tembo, nguva, pimbi, muhanga, sengi na wengine wadogo wadogo, wote wametokana na mzazi aliyeishi Afrika enzi bara hili lilipokuwa limezungukwa na bahari pande zote. Hii ni nyumba ya kwetu kabisa. Mtoto wa Dodoma anaweza kumwona mmoja wao bila kulipa kiingilio cha hifadhi, na nadhani wengi wanamaliza kidato cha nne bila mwalimu kuwaonyesha kidole upande wa jabali.

Mtazame na muhanga. Mashimo yake yanavunja watu miguu na ekseli za pikipiki huko Kondoa na Manyoni, ila mwenyewe haonekani, maana anatoka usiku kubomoa vichuguu na kulamba mchwa kwa ulimi mrefu. Kakakuona naye anakula mchwa na sisimizi kwa ulimi mrefu, na hana meno kabisa. Amerika Kusini kuna mnyama wa tatu mwenye kazi hiyo hiyo na ulimi huo huo. Kwa muda mrefu wataalamu waliwafunga wote watatu fungu moja. Ilikuwa rahisi: sura ndefu, makucha ya kuchimbia, ulimi, meno haba au hakuna. Leo muhanga yuko kwa tembo na pimbi. Yule wa Amerika Kusini yuko na ndugu zake wa huko huko. Kakakuona, mwenye magamba utafikiri ni jamaa wa kenge, ameangukia karibu na wanyama walao nyama: simba, fisi, mbwa. Mlo mmoja uliwafinyanga watatu wasio ndugu wakafanana.

(Kakakuona akionekana kijijini, wazee humwekea mbele yake maji, nafaka, silaha, na anachokigusa kinasomwa kama habari ya mwaka ujao. Anapata mapokezi ambayo diwani hayapati. Laiti heshima hiyo ingewafikia wanaomuwinda kwa ajili ya magamba, ambayo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kwa spishi zake zote nane tangu uamuzi wa mwaka 2016.)

Na mchwa wenyewe wanaoliwa? Hao wamegeuka kuwa mende. Sisimizi na siafu ni ukoo wa nyuki na nyigu, kiuno chembamba, vipapasio vimepinda kama kiwiko. Mchwa kiuno hana, na kumbikumbi anayeruka mvua za kwanza ana mabawa manne yanayolingana urefu, ilhali kwa sisimizi mwenye mabawa, ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Walikuwa na oda yao peke yao. Mwaka 2007 uchambuzi wa vinasaba ulionyesha wamechipuka ndani kabisa ya ukoo wa mende, na oda yao ikafutwa. Wanaokaanga kumbikumbi wasishtuke, ladha haikubadilika.

Msomaji mwenye shamba atakuwa ameanza kuchoka. Undugu wa pimbi na tembo hauongezi gunia hata moja. Sawa, twende kwenye mahindi.

Watu wa Kongwa na Mpwapwa wanawajua viwavijeshi tangu enzi za mababu. Wanakuja miaka ya mvua baada ya ukame, wengi, weusi wenye mistari, wanatembea kama jeshi kutoka nyasi za malisho kuingia shambani, wanakomba, wanahama. Hao ni Spodoptera exempta, wenyeji wa Afrika. Mwaka 2016 ikaripotiwa Afrika Magharibi kwamba ameingia mwingine kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, na mwaka 2017 akawa amethibitishwa Tanzania. Tukampa jina la viwavijeshi vamizi. Ni jenasi moja, ni ndugu wa karibu, na nondo wao wote ni vijivu vya kahawia ambavyo hakuna anayehangaika kuvitazama mara mbili.

Tabia zao, hata hivyo, ni mbingu na ardhi. Vamizi hatembei kijeshi mara nyingi. Anaingia kwenye moyo wa mmea wa mahindi, pale majani machanga yanapochomozea, anakula akiwa amejificha, na kinyesi chake kinaziba juu kama unga wa msumeno. Anakula mimea ya namna nyingi, wakati mwenyeji anashikamana na jamii ya nyasi na nafaka. Haji mwaka mmoja akapotea miaka mitatu. Akishaingia kwenye nchi ya joto anabaki. Mkulima aliyezoea kupulizia juu juu akiona jeshi linapita, akimpulizia huyu juu juu, dawa inakauka kwenye majani na kiwavi yuko chini anaendelea na chakula. Anapulizia tena. Anaongeza kipimo. Anabadilisha duka.

Bwana shamba anayejua kazi yake hata hatoki na dawa kwanza. Anainama, anasema, "Mama, hebu tufunue hili jani la katikati," anamtoa kiwavi, anamlaza kiganjani na kumgeuza kichwa kwenye mwanga. Kwenye paji la uso pana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia pana madoa manne meusi yaliyokaa kwenye pembe nne za mraba. Akiviona hivyo viwili, ameshajua ni yupi, na kutokana na hapo anajua apulizie wapi (ndani ya moyo wa mmea), lini (asubuhi sana au jioni), na kiwavi akiwa na ukubwa gani (mdogo, kabla hajazama). Zoezi zima halimalizi dakika mbili na halihitaji maabara. Hilo analolifanya ndilo uainishaji. Amemteremsha mnyama kutoka himaya hadi spishi akiwa amechuchumaa shambani, na mfuko wa mkulima umepona.

Tofauti ya spishi inaamua na silaha. Dhidi ya kiwavijeshi mwenyeji kuna kirusi cha asili kinachomuua yeye, na kimewahi kujaribiwa hapa Tanzania. Huwezi kukichukua ukategemea kitamaliza vamizi kwa sababu tu ni binamu. Mitego ya harufu ya kunasia nondo nayo inawekwa chambo kinachoiga harufu ya jike wa spishi husika. Ukikosea jina, umetega pasipo na mteja.

Mbu ni mfano mkali zaidi, kwa kuwa hapo macho hayasaidii kitu. Kwa miongo mingi tuliambiwa mbu wa malaria ni Anopheles gambiae, basi. Kwenye miaka ya 1960 wataalamu waliowapandisha mbu wa sehemu mbalimbali maabara waligundua kwamba baadhi ya watoto madume wanazaliwa tasa. Maana yake, yule "mbu mmoja" alikuwa spishi kadhaa zinazofanana hata chini ya darubini. Mmoja wao, Anopheles quadriannulatus, anapendelea wanyama na kwa malaria ya binadamu hana uzito. Mwingine, gambiae mwenyewe, anamtaka mtu, anaingia ndani, anauma usiku wa manane, na baada ya kushiba anapumzika ukutani. Wa tatu, Anopheles arabiensis, anastahimili ukame, anauma ng'ombe na mtu vilevile, na yuko radhi kuuma nje.

Sasa fikiria kaya ya Kigogo, zizi liko ubavuni mwa nyumba na watu wanaota moto nje hadi usiku. Chandarua chenye dawa ni silaha nzuri dhidi ya mbu anayeingia ndani usiku wa manane, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki gambiae amepungua sana tangu vyandarua vienee. Kati ya hao watatu, aliyebaki kwa wingi ni arabiensis, ambaye hana haraka ya kuingia ndani. Ndiyo sababu watafiti kadhaa barani wamekuwa wakijaribu kuwapa mifugo dawa zinazomuua mbu anayewanyonya. Kama bado tungekuwa tunahesabu "mbu wa malaria" kama mnyama mmoja, tungekuwa tunashangaa kwa nini chandarua kile kile kinafanya vizuri kijiji hiki na kusuasua kile, na pengine tungewalaumu wanakijiji kwamba hawalali ndani yake. Siku hizi kipimo cha vinasaba kinawatenganisha kwa kutumia mguu mmoja tu wa mbu.

Nikiweka mbu na kiwavi upande mmoja, halafu nikaangalia taifa linamwekea nani macho na fedha, naona pengo. Tunatangaza simba, tembo, chui, nyati na faru; mabango ya Ruaha yamejaa manyoya na pembe. Mapato yake nayajua na siyadharau. Lakini spishi za wanyama zilizokwisha kupewa majina duniani ni kama milioni moja na nusu, na kati ya hizo zaidi ya milioni moja ni wanyama wenye miguu ya pingili: wadudu, buibui, nge, kaa, tandu na jamaa zao. Jamii ya mbawakawa na dundu peke yake ina spishi karibu 400,000. Mamalia wote, kuanzia popo hadi nyangumi, ni zaidi kidogo ya 6,000. Sisi sote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwamo, hatuzidi sana 5 katika kila 100. Nadhani sehemu kubwa ya muda wa somo la uainishaji shuleni inatumika kwa hao watano. Tukiuliza ni nani katika wilaya nzima anaweza kuutofautisha utitiri mmoja na mwingine, au kusema panzi aliyejaa bondeni mwaka huu ni wa kuogopwa au wa kuachwa, kimya kinatanda.

Hata kwa hao wenye uti wa mgongo kazi haijaisha, tena hapa hapa. Mwaka 1991 watafiti kambini milima ya Udzungwa waligundua kwamba miguu miwili ya ndege iliyokuwa ndani ya chungu cha mboga haikuwa ya ndege yeyote wanayemjua. Alikuwa kware mpya kwa sayansi, akapewa jina mwaka 1994, na ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Baadaye kundi jingine likaonekana milima ya Rubeho, ile inayotenganisha Mpwapwa na Kilosa. Mwaka 2003 likaelezwa kama nususpishi. Mwaka 2005 watafiti, baada ya kulinganisha vinasaba na maumbile, wakapendekeza liwe spishi kamili. Kwa mtu wa mezani huo ni mkwaruzo tu wa kalamu kwenye karatasi. Kwa msitu wa Rubeho ni tofauti ya kuwa na tawi la kware wa Udzungwa au kuwa makazi pekee duniani ya ndege fulani. Ombi la fedha za kuulinda msitu linasomeka vingine kabisa.

Hapa lazima niseme kitu dhidi ya upande wangu. Kwa kuwa spishi mpya inavuta fedha na jina la mgunduzi, kuna kishawishi cha kugawa. Binafsi sishabikii kila mgawanyo. Twiga, alama ya taifa letu, alihesabika spishi moja tangu 1758. Mwaka 2016 ukatoka uchambuzi wa vinasaba uliodai ni wanne, ukapingwa, ukajadiliwa, na mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira likakubali wanne. Wetu anaitwa twiga wa Kimasai. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa ukiwajumlisha wote kapuni idadi inatuliza moyo, na ukiwatenganisha unaona kuna waliobaki wachache sana. Lakini ilichukua miaka tisa ya kubishana, na hiyo ni afya. Inayoniudhi ni hoja ya upande wa pili, ile ya "hawa wataalamu wanabadilisha majina kila siku, sasa tukariri nini?" Majina yanabadilika kwa sababu ushahidi umeongezeka. Ingekuwa ajabu zaidi kama yangebaki yale ya Pallas, na pimbi akawa simbilisi mpaka leo.

Turudi shuleni, maana huko ndiko jambo linaweza kurekebishwa bila mkopo wa nje. Nimeona maabara za sekondari zenye chupa za fomalini ambamo mende na mjusi wamekaa hadi wamepauka, na mwanafunzi anaulizwa ataje faila na ngeli. Anataja. Hakuulizwa amejuaje. Swali la "umejuaje" ndilo lingemlazimisha kuhesabu miguu, kutazama pingili, kuona kama mabawa yanalingana. Watu waliochora mapango ya Kolo kule Kondoa, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, walimaliza twiga na pofu kwa mistari michache ya rangi nyekundu na bado unawatenganisha ukiwa hatua kumi. Walijua alama ipi inabeba mnyama. Ujuzi huo huo wa kuchagua alama ndio unaotumika kwenye Y ya kiwavi.

Mtaala mpya uliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 na umekuja na mkondo wa amali, kilimo kikiwamo. Ningependa shule za mkondo huo za Kongwa, Bahi, Chemba na Manyoni zipewe kazi moja ya mwaka: kila shule itengeneze sanduku la wadudu wa mashamba ya kijiji chake, waliokaushwa, kila mmoja na karatasi ya tarehe, mmea aliokutwa nao, na alama iliyotumika kumtambua. Sanduku likaguliwe na afisa ugani wa kata, na yale yanayobishaniwa yapelekwe Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kipo hapo hapo mlimani na kina wanafunzi wa baiolojia wanaotafuta mada za utafiti. Nakala ya picha ibaki ofisi ya kijiji, ambako mkulima mwenye simu anaweza kulinganisha na anachokiona shambani.

Kuna watakaosema wanafunzi watakosea majina. Watakosea, na sanduku lenye jina lililokosewa lina faida kuliko chupa isiyo na swali, kwa sababu mdudu mwenyewe yumo ndani na mtu wa pili anaweza kumgeuza na kubisha. Vifaa ni pini, boksi la kadibodi, vidonge vya naftalini vya kuzuia wadudu wasile wadudu, na lenzi ya mkononi. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na nondo wa viwavijeshi huja nazo. Shule itakayoanza kukusanya Oktoba, wakati shamba bado ni vumbi na kilichopo ni mchwa, dundu wa kinyesi na nge chini ya mawe, itakuwa na sanduku nusu limejaa na vijana waliokwishazoea lenzi siku ambayo mkulima wa kwanza atakuja na jani lililotobolewa.